Osama alikula mtaji wangu, sasa natafuta mdudu wa kumla

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo iligoma, na mimi nikagoma pamoja nayo. Sasa ukiacha chuo kuna kitu kimoja huwezi kukosa hata siku moja: ushauri. Kila mtu ana biashara ya kukuambia. Wengine waliniambia bodaboda, wengine mitumba ya Gikomba, halafu jamaa mmoja wa ploti yetu akanishika na mahindi. Hesabu yake ilikuwa tamu sana. Nunua Machi wakati Ukambani wamevuna na bei iko chini, weka, tulia, kisha uza Julai watu wakianza kulilia unga. Ati pesa inalala ikizaa.

Nilikuwa na Sh26,000 nilizookota kwa kuandikia watu vitu mtandaoni. Nikanunua magunia 8 ya kilo 90 kwa Sh2,800 kila moja, nauli ikala nyingine, na magunia yakaingia kwa susu wangu, huko ndani ndani karibu na Kibwezi. Susu ni nyanya kwa Kikamba, kama hujui. Ana ikumbi yake, ile ghala ya fito iliyoinuliwa juu ya miguu, anamoweka mahindi yakiwa bado kwenye magunzi. Mimi magunia yangu niliyapanga kwenye chumba cha kando ya jikoni.

“Umeyatia dawa?” susu akaniuliza.

“Nitayatia, susu. Nikirudi.”

Sikurudi hadi Julai.

Nilipofungua ule mlango, kitu cha kwanza hakikuwa kuona, kilikuwa kusikia. Sauti kama ya mtu anayetafuna njugu chumba cha pili. Gunia nililoliacha likisimama wima kama askari lilikuwa limekaa chini. Sakafuni, unga. Sio unga wa kupika, ni vumbi la rangi ya maziwa yaliyolala. Nikaingiza mkono kwenye gunia, nikatoa punje zenye matundu mviringo kama zimetobolewa na fundi.

Susu akachungulia, akacheka kidogo, si kwa ubaya. “Huyo ni Osama, mjukuu wangu. Nilikuuliza dawa.”

Niliokoa kama magunia matatu, nikamuuzia mama mmoja wa kuku kwa bei ya aibu. Nimekueleza yote hayo ili ujue kwamba sikuanza kusoma habari za wadudu kwa kupenda sayansi. Nilianza kwa hasira.

Osama ni jina la mtaani tu. Wataalamu humwita Prostephanus truncatus, na Watanzania wengi wanamjua kama dumuzi au Scania, ndiyo, kama lile lori. Si wa kwetu. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania miaka ya 1970 ikiishia, upande wa Tabora, na mwaka wa 1983 akaonekana Taveta, upande wetu wa mpaka. Huko kwao kulikuwa na maadui wa kumpunguza. Huku alifika kama mgeni asiyejulikana na mtu, akakuta ghala zimejaa, mlango uko wazi. Watafiti walipopima mahindi ya wakulima Tanzania miaka ya 1980, walikuta mengine yamepoteza karibu thuluthi moja ya uzito ndani ya miezi michache. Fukusi wetu wa kawaida, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga, hula pia, lakini ukimlinganisha na Osama ni mtu wa kudokoa sahani.

Sasa hapa ndipo stori inapogeuka. Nina rafiki anayefanya kazi ya skauti kwenye shamba la maua Naivasha. Skauti huko si yule wa sare na skafu. Kazi yake ni kupita kati ya mistari ya waridi, kugeuza majani na kuhesabu wadudu. Siku moja nikimlilia kuhusu mahindi yangu, akaniambia wao hawapigi dawa kila mara. Kuna chupa wanaletewa, ndani kuna makapi yaliyochanganywa na utitiri. Wanainyunyiza juu ya maua kama chumvi kwenye mayai. Utitiri huo unawinda utitiri mwingine mwekundu unaofyonza majani ya waridi. Unaumaliza, halafu na wenyewe unakufa kwa njaa.

Wewe unaujua utitiri. Kama umewahi kushika kuku wa shags ukahisi kitu kinatembea kwenye mkono na hukioni, ndio huo. Si mdudu kamili hata. Una miguu minane, ni wa ukoo wa buibui na kupe.

Nikamwuliza swali ambalo hata wewe sasa hivi unajiuliza. Si uniletee chupa moja nimwage kwenye gunia?

Akacheka. Ule wa waridi, akaniambia, unajua chakula kimoja tu, ule utitiri mwekundu wa majani. Ukiumwaga kwenye mahindi ni kama umempeleka mvuvi wa Mombasa akavue Turkana katikati ya mchanga. Lakini swali likanikaa kichwani. Kuna utitiri mwingine unaokaa kwenye ghala?

Upo. Na kuna nchi zilizouweka kazini.

Mmoja unaitwa Cheyletus eruditus. Urefu wake ni kama nusu milimita, kwa hivyo ukipanga kumi kwenye foleni wanapata milimita tano. Unaishi kwenye nafaka, kwenye vumbi la ghala, kwenye majani makavu. Haukimbizani na chakula. Unakaa pembeni, umetanua mikono miwili mizito karibu na mdomo, unangoja. Kinachopita karibu kinakamatwa, kinachomwa, kinafyonzwa. Jike halihitaji dume, linataga na wanatoka majike wengine, ambao nao wanaendelea hivyo hivyo. Na ingawa ni muuaji, hukaa juu ya mayai yake akiyalinda. Chakula kikiisha kabisa, wanaanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nikifikiria hapo naona picha ya vikundi fulani vya WhatsApp, lakini tuendelee.

Huko Chekoslovakia, kabla haijagawanyika, watafiti waliuzalisha utitiri huu kwa wingi na ukawa bidhaa yenye jina, Cheyletin. Ghala likishamalizwa na kufagiliwa, kabla ya mavuno mapya kuingia, utitiri huo ulikuwa unaachiliwa ndani ule masalio ya utitiri mharibifu yaliyojificha kwenye nyufa. Pia uliwekwa kwenye nafaka na mbegu zenyewe. Ukitaka kujua kwa nini huko, angalia hali ya hewa. Ulaya nafaka mara nyingi huingia ghalani ikiwa na unyevu, na tatizo kubwa mojawapo ni utitiri wa unga, Acarus siro, unaokula kiini cha punje, unaharibu harufu ya unga na kuwawasha watu wanaoushika. Kwa hivyo ni utitiri dhidi ya utitiri, size moja kwa size moja. Hapo Cheyletus ni moto.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari naandika bajeti kichwani. Nitaagiza, nitazalisha kwenye ndoo, nitauza chupa kwa vijana wa Kibwezi. Kisha nikasoma zaidi, na bajeti ikafutika yenyewe.

Ukweli ni huu. Mwindaji hawezi kula asichoweza kukifikia. Fukusi jike akitaka kutaga, anatoboa shimo dogo kwenye punje, anaweka yai, kisha analiziba kwa ute unaokauka kama plasta. Mtoto anakulia humo humo ndani, anakula ukuta wa nyumba yake, na anatoka baada ya kama wiki tano akiwa mtu mzima mwenye gamba gumu. Huyo Cheyletus atapita nje ya punje siku nzima na hatajua kama kuna karamu ndani. Hata akikutana na fukusi mzima, atafanya nini? Ni kama wewe ujaribu kumng'ata kobe.

Lakini sio wadudu wote wa ghala wanaficha mayai. Nondo wa nafaka, wale vipepeo vidogo vya rangi ya mchanga wanaoruka ukifungua gunia, hutaga juu ya punje, nje kabisa. Kuna jamii nyingine za nondo wa aina hiyo wanaosumbua unga na njugu, nao vilevile. Na hao wana adui wa maana, utitiri uitwao Blattisocius tarsalis. Unakula mayai ya nondo. Na usafiri wake? Unampanda nondo mwenyewe kama bodaboda. Nondo anaruka kwenda kutaga ghala jirani, amembeba abiria atakayekula watoto wake. Huwezi kutunga kitu kama hicho.

Kuna na wa tatu, na huyu nakutajia ili ujue si kila mla wadudu ni rafiki yako. Anaitwa Pyemotes. Ana sumu kali kiasi kwamba anapooza kiwavi mkubwa kumshinda mara nyingi sana, kisha anamfyonza polepole. Jike akishiba tumbo linavimba kama puto, na watoto wanatoka humo wakiwa tayari watu wazima. Kwenye karatasi ni silaha bora. Shida ni kwamba anauma watu. Mwaka wa 1909 huko Philadelphia, Marekani, watu walianza kutokwa na vipele vya ajabu, na daktari wa serikali aitwaye Joseph Goldberger akashuku magodoro ya nyasi waliyolalia. Alifanya nini? Aliingiza mkono wake mtupu katikati ya magodoro yale akakaa hivyo kwa saa nzima. Vipele vikamtoka. Alikuwa Pyemotes, aliyefuata viwavi waliokuwa kwenye zile nyasi. Kwa hivyo ukisikia mtu anakuambia “wadudu ni asili, hawana madhara”, mwambie akalale juu ya nyasi hizo kwanza.

Sasa turudi kwa Osama, kwa sababu yeye ndiye aliyekula pesa zangu.

Osama anatoboa njia ndani ya punje, na mayai yake yako ndani ya njia hizo. Tofauti na fukusi ni kwamba yeye haachi mlango umezibwa kwa plasta. Anaacha mahandaki, vumbi kila mahali. Kwa hivyo kinachohitajika ni mwindaji mwembamba wa kupita kwenye mahandaki hayo, na mwenye pua. Watafiti walirudi kule Osama alikotoka na wakampata. Si utitiri, ni mbawakavu mdogo mweusi, anang'aa, urefu kama milimita mbili. Anaitwa Teretrius nigrescens. Mkubwa kwa mdogo, wote wanakula mayai na watoto wa Osama.

Na pua yake ndiyo ilinifurahisha. Osama dume akipata chakula kizuri anatoa harufu ya kuwaita wenzake, hasa majike. Ni kama kuweka lokesheni yako kwenye stetasi: nyama choma iko hapa, njooni. Teretrius anasoma stetasi hiyo hiyo. Anafuata harufu, anafika kwenye pati, anakula watoto.

Aliachiliwa Togo mwaka wa 1991. Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa KARI, ambayo leo ni KALRO, ilimwachilia mwaka wa 1992. Ukambani ilikuwa katika maeneo yaliyofuatiliwa, na kituo cha Kiboko hakiko mbali na kwa susu. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimekula githeri kwa yule mama maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba kuna vita vya aina hiyo juu ya vichwa vyetu.

Kilichotokea? Sehemu zenye joto, Osama wanaonaswa kwenye mitego walipungua. Hakuisha. Sehemu za baridi Teretrius hakupata nguvu. Anazaana polepole kuliko Osama, kwa hivyo kwenye gunia lililojaa anachelewa, na anapofikisha idadi ya maana wewe tayari una unga. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Osama haishi kwenye mahindi peke yake. Asili yake ni mtoboa mbao. Watafiti walimkuta hadi ndani ya mbuga ya Tsavo, ambako hakuna ghala hata moja, akiishi kwenye miti. Unaweza kusafisha ikumbi ikang'aa, na jirani yako mgonjwa akawa ni pori zima.

Kwa hivyo huyu mwindaji kazi yake ni ya eneo, si ya gunia. Anapunguza idadi ya wanaoruka kuja kwako. Hakupi risiti. Hilo lilinichukua muda kulimeza, kwa sababu sisi tumezoea kitu unachonunua leo na kesho unaona maiti. Mkulima anayenufaika hajui hata kama amesaidiwa, na kijana anayetaka kufungua biashara hapo hana cha kuuza. Pengine ndiyo sababu hukuwahi kuona tangazo lake.

Basi kwa nini ujali, wewe unayesoma hii kwenye matatu na mahindi yako ni gorogoro moja ya dukani? Kwa sababu ya tunachofanya tukikosa subira. Agroveti niliyoingia baada ya msiba wangu ilinipa chaguo tatu: vumbi, tembe, au gunia. Vumbi, kama Actellic Super, lina dawa mbili kwa sababu moja inamshika fukusi vizuri na nyingine inamshika Osama. Linafanya kazi ukilitumia jinsi karatasi inavyosema. Lakini haliulizi nani ni adui na nani ni askari. Teretrius akiwa humo, naye kwaheri.

Tembe ndizo zinaniogopesha. Zinatoa gesi ya fosfini. Kuna watu wanaziweka kwenye gunia, wanafunga, halafu gunia liko chini ya kitanda. Chumba kimoja, bedsita, mnalala watu watatu. Gesi hiyo haimchagui mdudu. Tafadhali, kama unajua mtu anafanya hivyo, usingoje kumtumia hii makala, mpigie simu.

Gunia ni lile la tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja la kawaida nje, wengi wanaliita PICS. Hakuna dawa ndani. Unajaza, unatoa hewa, unafunga kila tabaka kivyake kwa nguvu. Wadudu waliomo wanapumua hewa iliyobaki mpaka inaisha, wanaacha kula, wanakufa. Adui na askari pia, sikudanganyi. Ila Teretrius wa nje, wa pori na wa ikumbi, anabaki hai akiendelea na kazi yake, na hiyo ndiyo tofauti na kupuliza sumu kila pembe.

Sharti moja ambalo huwezi kulikwepa ni mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukifunga mahindi mabichi unafunga kuvu. Na Ukambani hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwaka wa 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Kumbuka pia kwamba punje iliyotobolewa ni mlango wazi kwa kuvu, na hakuna utitiri wala mbawakavu atakayekurudishia punje nzima. Kama huna mashine ya kupima, chukua chupa kavu ya glasi, weka mahindi, tia chumvi kavu, tikisa kwa nguvu. Chumvi ikishika kwenye glasi, rudisha mahindi juani.

Na usijaribu ile ndoto yangu ya kuagiza chupa ya utitiri kutoka ng'ambo ikiwa imefichwa kwenye soksi. Kiumbe hai kuingia nchini kinahitaji kibali kupitia KEPHIS, na bidhaa ya kuua wadudu, hata kama ni mdudu mwenyewe, inasajiliwa kwanza. Niliona ni urasimu tu. Halafu nikakumbuka Osama mwenyewe aliingiaje.

Kuna swali la mwisho ambalo marafiki zangu huuliza wakiwa wamekunja uso: kwani tule unga wenye utitiri? Marekani walilijadili hilo, na tangu 1992 wanaruhusu wawindaji wa aina hiyo kuachiliwa kwenye nafaka iliyohifadhiwa, kwa sababu husafishwa na kuondolewa kabla ya kusaga. Na huko huko, unga wa ngano huruhusiwa kuwa na vipande vya wadudu, ila visifike 75 kwa kila gramu 50. Kwa hivyo chapati zako zimekuona mengi. Shida yetu ni kwamba kinu cha posho mtaani hakina mashine ya kusafisha. Ni ungo na mikono ya mama.

Machi iliyopita nilirudi Kibwezi na pesa za magunia mawili tu. Nilianika siku nne, nikafanya ile ya chumvi, nikafunga kwenye tabaka tatu huku susu akisimamia kama inspekta. Ikumbi yake hakutaka iguswe. Mahindi yake yako kwenye magunzi, na amezoea hivyo.

Kabla sijaondoka nilipepeta vumbi la chini ya ikumbi kwenye sinia jeupe, simu mkononi kama kioo cha kukuza. Osama walikuwepo, wa kahawia iliyokolea, nyuma yao pamekatwa kama kwa kisu. Katikati yao akatembea mwingine, mdogo zaidi, mweusi wa kung'aa, mwenye haraka.

“Muue,” susu akasema.

“Huyu hapana, susu.”

Akanitazama kama ananihurumia. Nikainamisha sinia, nikamrudisha kwenye magunzi.